Hawa Wametoka Wapi?

Jumapili moja asubuhi, hapa kwetu Tanga, mama yangu alifunua sufuria ya wali wa nazi uliolala, akainama, akanusa, kisha akatia mwiko. Punje ziliinuka zikiwa zimeshikana, na kati ya mwiko na sufuria ukavutika uzi mwembamba wa utelezi, kama ule wa bamia. Wali huo ulikuwa umepikwa jioni, ukachemka, ukapaliwa makaa juu ya mfuniko kama kawaida, na tangu hapo hakuna mkono uliougusa.

"Umechacha," alisema. "Kaumwageni."

Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 11, aliichukua sufuria lakini hakuondoka.

"Shangazi, mwalimu alisema moto unaua vijidudu. Wali si ulichemka jana? Kama walikufa wote, hawa wametoka wapi?"

"Wametoka hewani."

"Umejuaje?"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Kamwage wali."

Akaenda kuumwaga. Mimi nikabaki na lile neno lake moja, na limenifuata kwa wiki tano.

Niliyoambiwa

Nilisoma biolojia hadi kidato cha sita. Ninaweza kuchora seli ya bakteria na kuandika majina ya sehemu zake, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwahimiza watoto wa nyumba hii wanawe mikono kwa sababu ya viumbe ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona. Lakini nilipojiuliza kwa dhati nimejuaje kwamba waliouharibu wali ule walitoka hewani, sikupata jibu lolote ila kwamba niliambiwa, nikaandika kwenye daftari, nikajibu mtihani, nikapata alama.

Kuamini jambo uliloambiwa si kosa. Maisha ya mtu mmoja hayatoshi kupima upya kila kilichopimwa na waliomtangulia. Kilichoniuma ni kwamba mtoto aliuliza swali ambalo ndilo mlango wa sayansi yote, nami nikaufunga kwa maneno mawili.

Mkoa huu wetu una kisa chake cha namna hiyo. Mwaka 1963, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aitwaye Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Shule ya Mkwawa, Iringa, safari hii kwa mgeni, mwanafizikia Denis Osborne, ambaye alirudi chuoni Dar es Salaam akaagiza jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 wakaandika pamoja makala iliyochapishwa. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, lakini wanabishana kwa vipimo, na walianza kupima kwa sababu kijana mmoja hakukubali kunyamaza.

Nilimwita binti wa kaka yangu nikamwambia kwamba sikujua, na kwamba tutatafuta.

Swali lenye umri mkubwa

Nilipoanza kusoma niligundua kwamba mtoto yule alikuwa amesimama mahali ambapo wataalamu wa Ulaya walisimama kwa karne mbili.

Mwaka 1668 Francesco Redi, tabibu wa Italia, aliweka nyama katika mitungi, mingine wazi na mingine imefunikwa kitambaa chepesi, akaonyesha kwamba funza hutokea pale tu nzi wanapoweza kufika. Hiyo ilimaliza suala la funza, lakini haikugusa viumbe wasioonekana kwa macho. Katika miaka ya 1740, John Needham, padri wa Uingereza, alichemsha mchuzi wa nyama ya kondoo, akauziba chupani, na baada ya siku chache akaukuta umejaa viumbe. Alihitimisha kwamba uhai ulikuwa umezaliwa upya ndani ya mchuzi wenyewe. Lazzaro Spallanzani, mwanasayansi wa Italia, akarudia katika miaka ya 1760, lakini akachemsha kwa muda mrefu zaidi na kuziba shingo za chupa kwa kuiyeyusha glasi yenyewe, na mchuzi wake haukuharibika. Needham akamjibu kwamba moto mwingi hivyo umeiharibu hewa iliyofungiwa, na bila hewa nzuri uhai hauwezi kuzaliwa.

Nilisoma jibu hilo mara kadhaa. Nilikuwa nimezoea kuwafikiria walioshindwa kuwa watu wasioelewa, kumbe pingamizi la Needham lilikuwa la haki kabisa, na Spallanzani hakuwa na chupa ya kulijibu.

Chupa kwenye dirisha la jikoni

Tulianza na supu ya mifupa. Tuliichuja mara mbili kwa kitambaa cha kuchujia tui hadi ikawa safi kiasi cha kuona vidole upande wa pili wa glasi, tukaigawa katika chupa ndogo sita. Tatu tuliziziba mdomoni kwa pamba iliyobanwa vizuri, tatu tukaziacha wazi. Zote tulizisimamisha ndani ya sufuria kubwa ya maji, tukachemsha kwa nusu saa, pamba zikiwa mahali pake ili nazo zipate mvuke. Mtoto alibandika vipande vya karatasi na kuandika namba. Kwenye daftari, kwa mwandiko wake, aliandika tunachotarajia kabla hatujaona chochote. Nilisisitiza jambo hilo kuliko mengine yote, kwa maana nadharia tete inayoandikwa baada ya matokeo huwa imekwisha kujifunza la kusema.

Siku ya pili chupa tatu zilizo wazi zilikuwa zimepata ukungu wa maziwa na harufu nzito. Za pamba zilikuwa safi. Siku ya saba bado zilikuwa safi.

Nilifurahi mno. Nilimwambia, "Unaona? Wametoka hewani."

Akazitazama kwa muda. "Labda pamba imewanyima pumzi. Labda wamo, ila wanashindwa kukua."

Lilikuwa pingamizi la Needham, limerudi jikoni kwetu baada ya miaka zaidi ya 250, kutoka kwa mtoto ambaye hajawahi kulisikia jina lake.

Safari hii sikumjibu kwa maneno. Tulichemsha kijiko, tukakiacha kipoe, tukachota tone la supu iliyoharibika tukalitia katika chupa mojawapo ya pamba na kuiziba upesi kwa pamba ileile. Katika chupa ya pili tukatia, kwa njia hiyohiyo, tone la maji yaliyochemshwa. Kesho yake ile ya kwanza ilikuwa imechafuka yote. Ya pili ilibaki safi. Kwa hiyo pumzi ilikuwepo ya kutosha, na chakula kilikuwepo. Waliokosekana ni wao.

Ile chupa ya tone la maji ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bila hiyo, mtu angeweza kusema kwamba kufungua tu kulitosha kuiharibu supu, nasi tusingekuwa na la kumwambia. Wenye kazi hii huiita kidhibiti, na shuleni nililikariri neno hilo bila kuelewa kwamba ni adabu ya kumpa mpinzani wako nafasi ya kuwa sahihi.

Chupa iliyokataa

Ningeishia hapo. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikubaliana na nilichosema siku ya kwanza.

"Lakini Shangazi, sisi tulimwaga wali. Hatukumwaga supu."

Kweli. Nilikuwa nimejibu swali jingine kwa sababu supu huonyesha vizuri kwenye glasi. Basi tukachukua maji tuliyooshea mchele, yale meupe, tukayaacha yatulie na kuyachuja, tukajaza chupa tatu, tukaziba kwa pamba, tukachemsha nusu saa kama mwanzo.

Siku ya tatu zote tatu zilikuwa zimeharibika, na juu ya mojawapo palikuwa na utando mwembamba uliokunjamana.

Mtoto alikuwa shuleni. Nilisimama peke yangu mbele ya dirisha, nikaichukua chupa ya kwanza, na nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa tayari juu ya sinki. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba pamba ililoa wakati wa kuchemsha, kwamba niliibana vibaya, kwamba jaribio hili halihesabiki na tutalirudia kwa uangalifu zaidi. Kila neno katika hayo lingeweza kuwa kweli. Ndiyo maana yanatisha.

Niliirudisha chupa dirishani. Sikuwa na nguvu ya hoja siku ile. Nilichokuwa nacho ni daftari, ambalo tayari lilikuwa na mstari wa chupa hizo tatu uliosubiri kujazwa.

Zebaki na robota la nyasi

Hapo ndipo nilipomsoma Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, kwa makini kwa mara ya kwanza. Kila kitabu cha shule kina chupa zake zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata maji, ambazo ziliacha hewa iingie huku vumbi likinaswa kwenye pindo la shingo, na hivyo pingamizi la hewa mbovu likapata jibu. Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpa tuzo mwaka 1862. Vitabu husimulia pia jinsi alivyobeba chupa kwenda milimani: kati ya 20 alizozifungua juu ya barafu karibu na Chamonix, moja tu iliharibika, na kati ya 20 alizozifungua chini, nyanda za Jura, ziliharibika nane.

Vitabu hivyo husema machache kuhusu majaribio yaliyomkataa. Alipofanya kazi kwa kutumia beseni la zebaki ili kuzuia hewa ya nje, kama ilivyokuwa desturi wakati huo, chupa zake nyingi ziliharibika, na hakuyachapisha matokeo hayo kwa sababu aliamini kuna kosa lililojificha. Alifanya hasa kile nilichotaka kukifanya kwenye sinki. Tofauti iliyopo ni moja, nami nimeitafakari sana: aliishuku zebaki yenyewe, kisha akaupima ule udhuru. Alichukua tone la zebaki kutoka kwenye beseni, akalitia katika chupa iliyokuwa safi, na chupa ikaharibika. Vumbi la juu ya zebaki lilikuwa limebeba vijidudu. Kuanzia hapo udhuru wake ukawa ujuzi.

Lakini mpinzani wake, Félix Pouchet wa Rouen, alikuwa na chupa ambazo Pasteur hakuzigusa. Pouchet alitumia maji yaliyochemshwa na nyasi kavu. Mwaka 1863 yeye na wenzake walipanda milima ya Pyrenees, wakafungua chupa zao juu kabisa, na zote zikaharibika. Pasteur alikuwa akitumia maji ya hamira na sukari. Hakuzirudia chupa za nyasi. Chuo cha Sayansi cha Paris kikampa ushindi, na Pouchet akajiondoa kwenye shindano hilo mwaka 1864.

Jibu lilipatikana zaidi ya miaka kumi baadaye. Mwanafizikia John Tyndall, huko Royal Institution, taasisi ya sayansi mjini London, alikuwa na kawaida ya kuchemsha michuzi yake kwa dakika chache ikabaki safi kwa miezi. Kisha robota la nyasi kavu likaletwa katika maabara ile, na kuanzia hapo hakuna kilichobaki safi, hata alipochemsha kwa saa kadhaa. Ilimlazimu ahamishie kazi yake kwenye bustani ya mimea ya Kew. Karibu na wakati huohuo, mwaka 1876, Ferdinand Cohn wa Breslau alieleza kinachotokea: bakteria wa nyasi, wanapobanwa na shida, hujikunja ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka. Moto unapozimwa na joto likarudi kuwa la vuguvugu, huchipua.

Pouchet hakudanganya. Aliona alichokiona. Chupa zake ziliharibika kwa sababu mbegu za uharibifu zilikuwa ndani ya nyasi tangu mwanzo na hazikufa.

Niliposoma hayo niligeuka nikazitazama chupa zangu tatu za maji ya mchele. Mpunga nao ni jamii ya nyasi.

Mara tatu, siku tatu

Sasa nilikuwa na madai mawili yanayogombana: ama pamba yangu ilivuja, ama kuna kitu ndani ya mchele kilichookoka kwenye moto. Tyndall aliacha njia ya kuyatenganisha. Unachemsha leo na kuacha hadi kesho, ili spora zilizookoka zichipue na kuwa bakteria wa kawaida wasio na ganda. Kesho unachemsha tena, na kesho kutwa tena. Kama pamba ndiyo inayovuja, kuchemsha mara tatu hakutasaidia kitu, kwa sababu wageni wataendelea kuingia baada ya siku ya tatu.

Tulitengeneza chupa sita kwa pamba ya furushi moja. Mbili zilikuwa za supu na mbili za maji ya mchele, zote zikachemshwa mara moja. Mbili za mwisho, za maji ya mchele, zilichemshwa siku tatu mfululizo. Supu zilibaki safi. Mchele uliochemshwa mara moja uliharibika siku ya tatu, kama mwanzo. Uliochemshwa mara tatu ulibaki safi.

Tuliporudia yote wiki iliyofuata, moja kati ya chupa mbili zilizochemshwa mara tatu ilichafuka siku ya tano. Imo daftarini hivyo ilivyo. Chupa mbili ni chache, na jikoni si maabara.

Hata hivyo, jibu nililompa mtoto kwa uhakika mkubwa asubuhi ile ya Jumapili lilikuwa limeanguka. Hewa ina vijidudu, ndiyo, lakini wali ule haukuhitaji kuwasubiri. Wengine walikuja sokoni pamoja na mchele, wakaingia sufuriani, wakachemka, wakaokoka, wakasubiri ubaridi wa jioni.

Nilimwambia kwamba nilikosea. Hakuonekana kushangaa; aliuliza kama tunaweza kuwaona.

Kwenye hadubini

Rafiki yangu anayefundisha sekondari alituruhusu kuingia maabara Jumamosi moja. Tulibeba ile chupa yenye utando. Kwa dakika za mwanzo mtoto aliona kope zake tu, kisha kiputo cha hewa ambacho alikitangaza kwa furaha kuwa ni bakteria, kisha, alipojifunza kuutuliza mkono kwenye skrubu, akanyamaza ghafla.

"Ni vijiti," alisema. "Vingine vimeungana kama treni. Kimoja kinaogelea."

Hadubini ilikuwa inakuza mara 400. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, alitumia hadubini zenye lenzi moja tu, ndogo kuliko tone la maji, alizozitengeneza mwenyewe, na ile bora kati ya zilizobaki hukuza yapata mara 270. Mwaka 1676 aliloweka pilipili manga katika maji kwa sababu alitaka kujua kinachoifanya iwe kali, na siku zilipopita akakuta maji yamejaa viumbe wadogo ajabu. Barua yake kwa wanasayansi wa London haikuaminiwa kirahisi. Alitafuta mashahidi wanane, wakiwemo wachungaji wa kanisa, waje watazame na kuandika walichoona, na mwaka 1677 Robert Hooke akalirudia jaribio hilo mbele ya wenzake hadi nao wakaona.

Nilimwacha mtoto achore. Sikumwambia jina la vijiti vile, kwa sababu umbo peke yake halitoshi kumtambua bakteria, na tulikuwa tumefika mbali mno kuanza tena kubahatisha.

Sufuria ya usiku

Kuna jina moja, hata hivyo, ambalo kila anayepika wali alijue. Bacillus cereus ni bakteria wa udongoni ambaye spora zake hupatikana mara kwa mara kwenye mchele. Wali ukiachwa sufuriani katika joto letu la pwani, spora huchipua, bakteria huongezeka, na aina fulani kati yao hutengeneza sumu inayoleta kutapika ndani ya saa chache. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Kiporo kilicholala nje usiku kucha, hata ukikichemsha asubuhi hadi kikafuka moshi, bakteria wengi watakufa lakini sumu itabaki, wala si lazima kinuke ndipo kiwe nayo.

Hili lilinigusa kuliko yote, kwa sababu nimelelewa kwa kiporo na chai, na desturi ya nyumba zetu ni kwamba kitu kikishapashwa kimekuwa salama. Nilimweleza mama kwa woga kidogo, nikidhani atasema wao wamekula hivyo miaka yote. Alisikiliza, akauliza maswali mawili mazuri kuhusu friji, kisha akanikumbusha kwamba bibi yake hakuwahi kuulaza wali sufuriani: aliutandaza kwenye sinia, mbele ya dirisha, upoe upesi. Kupoa upesi husaidia, na kuuingiza kwenye friji ndani ya saa mbili husaidia zaidi. Sasa tunapika kiasi cha kuliwa, na kinachozidi kinatandazwa, kinafunikwa, kinaingia kwenye baridi mapema.

Chupa ya mwisho

Chupa moja ya mchele uliochemshwa mara tatu ilikuwa bado dirishani siku ya 19, safi kama siku ya kwanza, na pembeni yake kulikuwa na mwenzake wa supu. Mtoto aliuliza kama anaweza kuitoa pamba.

"Ukiitoa, tutajua nini?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Tutajua kama na wewe ulisema kweli kidogo, kuhusu hewa."

Tuliitoa pamba saa mbili usiku, ile ya supu tukaiacha imezibwa. Daftari linasema hivi, kwa mwandiko wake:

*Siku ya 1 bila pamba: safi. Siku ya 2: safi. Siku ya 3: imechafuka, kuna doa la kijani juu. Supu yenye pamba: bado safi. Swali: mbona maziwa ya mtindi yanachacha na tunayanywa?*

Mama amekwisha kutupatia kibuyu.